Ruhusa, Idhini na Ridhaa: Maneno ya Soko la Burma Mbele ya Akili Unde

Soko la Burma, lililo kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, husifika kwa nyama. Jina lake lakumbusha askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, soko hili ni ghala la lugha: Kiswahili, Sheng, Kikamba, Kiluo na Kikuyu hukutana juu ya mizani moja, na bei hutajwa kwa mbao, finje na soo, yaani shilingi 20, 50 na 100. Siku hizi si ajabu kumwona kijana amesimama kati ya mabucha, simu mkononi, akirekodi kichekesho au akiwaeleza watazamaji wake bei ya matumbo. Video hizo hupandishwa kwenye intaneti, na maneno yaliyomo yaweza kuchotwa ili kuifunza mitambo ya akili unde, ambayo wengine huiita akili bandia au akili mnemba. Makala hii yakusudia kueleza kijana huyo ana mamlaka gani juu ya matumizi hayo.

Yafaa tuanze na maneno matatu ambayo aghalabu hufasiriwa kwa kuzungushana: ruhusa, idhini na ridhaa. Ruhusa huondoa kizuizi. Mlango u wazi, apendaye aingie. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka kwa jambo maalumu. Ridhaa hukaa moyoni: aliyeridhia amelijua jambo na amekubaliana nalo. Mteja wa Burma huruhusiwa kuibonyeza nyama kwa kidole. Hajaidhinishwa kuondoka nayo. Vivyo hivyo, anayepandisha video ameruhusu itazamwe. Je, ameidhinisha mtambo ujifunze kusema kama yeye?

Chombo kikongwe cha udhibiti ni faili ya robots.txt, iliyobuniwa mwaka 1994, ambamo mwenye tovuti huandika mitambo ipi isiingie. Agosti 2023 kampuni ya OpenAI ilitangaza jina la mtambo wake wa kukusanya matini, GPTBot, ili asiyeutaka auzuie. Lakini faili hiyo ni tangazo la langoni, wala si kufuli. Tena hushikwa na mwenye tovuti. Kijana wetu hana tovuti. Amepanga tu kibanda katika soko la mwingine. Desemba 2024 YouTube iliwapa wenye chaneli chaguo la kuziruhusu au kutoziruhusu kampuni nyingine kuzitumia video zao kwa mafunzo ya mitambo, na asiyechagua huhesabiwa kuwa hakuruhusu. Ni hatua njema. Ila YouTube yenyewe na Google, iliyo mmiliki wake, hazifungwi na chaguo hilo.

Ama sheria, ile ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi mara irekodiwapo, hata bila kusajiliwa. Kwa hiyo video ni mali ya aliyeitunga. Neno, hata hivyo, si mali ya mtu: aliyebuni neno la Sheng asubuhi hawezi kumdai yeyote jioni. Na ndivyo ipasavyo, kwani lugha yenye kulipiwa kila neno ingekufa. Lakini kinachotafutwa na mtambo ni hayo hayo yasiyo na mwenyewe: neno, lafudhi, namna ya kutania.

Hapa yatupasa sisi wasomi kujitazama. Mwaka 2019 ulichapishwa mkusanyo wa JW300, wenye matini sambamba za lugha zaidi ya 300, Kiswahili kikiwamo, zilizochotwa katika tovuti ya Mashahidi wa Yehova. Watafiti wa Masakhane waliutumia kwa tafsiri ya lugha za Kiafrika. Baadaye ikadhihirika kwamba masharti ya tovuti hiyo yalikataza uchotaji huo, nao mkusanyo ukaondolewa. Mwenye tovuti na masharti yaliyoandikwa alisikika. Mimi mwenyewe, nikisomea shahada ya uzamili ughaibuni, nilichambua maelfu ya sentensi za Kiswahili bila kuuliza hata mara moja zilisemwa na nani.

Wako waliojaribu njia nyingine. Common Voice ya Mozilla hupokea sauti za hiari, za Kiswahili zikiwamo. Lakini leseni yake, CC0, humwachia mtoaji haki sawa na bure. Leseni ya Nwulite Obodo, iliyotungwa kwa ajili ya data za lugha za Kiafrika, hutofautisha watumiaji: yule wa nchi inayoendelea hupata kwa wepesi, na mwingine hutakiwa kurudisha faida kwa jamii. Naiona ya pili kuwa karibu zaidi na maana ya ridhaa, ijapokuwa nayo humlinda mwenye mkusanyo kuliko msemaji mmoja mmoja.

Fomu niliyowapa wasemaji wangu wa Burma ilisema tu kwamba sauti zao zarekodiwa “kwa ajili ya masomo”. Nimerudi sokoni nikiwa na fomu ya pili, inayouliza kama mitambo yaweza kufunzwa kwazo. Baadhi walikubali. Muuza matumbo mmoja aliuliza kama mtambo huo utakuja kununua kwake, kisha akakataa; sauti yake nimeitoa katika hifadhi.