Gari Linalowaka Likitaka

Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi umeme. Analifuata na taa ya kujaribia kuanzia kwenye betri, waya hadi waya, mpaka anapokuta umeme umekatika. Anatengeneza, kazi imeisha. Linalotesa ni lile lililogoma asubuhi mbele ya nyumba, likagoma mara ya pili, mara ya tatu likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, na lilipofika gereji likawaka kila fundi alipogusa ufunguo. Mwenye gari anaonekana mzushi. Fundi naye, kwa kuwa hana cha kupima na mteja anasubiri, anaanza kubahatisha: leo betri mpya, wiki ijayo stata ya mtumba kutoka Gerezani kule Dar es Salaam, mwisho wa mwezi swichi ya ufunguo. Fedha imekwenda na gari bado linagoma.

Nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa muda mrefu, na nikitazama spea zisizohitajika ambazo wateja huniletea zikiwa kwenye buti, naona chanzo kile kile: gari lilipimwa wakati halina tatizo. Hitilafu ya kuja na kuondoka hupimwa wakati imekuja. Kipimo kilichochukuliwa gari likiwa linawaka vizuri hakielezi chochote kuhusu dakika ile lilipogoma. Tena kuna mtego mwingine. Stata ikishushwa na kuwekwa nyingine, nati zake zimekazwa upya, vichwa vya waya vimepigwa msasa, soketi imechomolewa na kuchomekwa. Gari likiwaka vizuri wiki mbili zinazofuata, sifa zote inapewa stata mpya, kumbe kilichosaidia ni msasa. Kutu ikirudi, ugonjwa unarudi, na sasa hakuna anayeshuku tena mahali pale kwa sababu “tulishabadilisha.”

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mteja si lini alibadilisha betri. Namuuliza: lilipogoma, injini ilizunguka au haikuzunguka? Watu husema “haliwaki” kwa hali zote mbili, lakini ni magonjwa ya familia mbili tofauti. Injini isipozunguka, tafuta kwenye betri, nyaya nene, stata, na njia inayoiamuru stata. Injini ikizunguka kwa nguvu zake zote na isishike, stata haina kosa. Hapo tafuta cheche na mafuta. Kama hukumbuki, rekodi sauti yake kwa simu safari ijayo. Sekunde kumi za sauti zinanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Tuanze na injini isiyozunguka. Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Washa taa kubwa, tazama mwanga wake ukutani, kisha piga stata. Taa zikififia hadi karibu kuzimika, na ukasikia tak-tak-tak ya haraka, stata imeomba umeme na umeme haukutosha. Chanzo ni betri au maungio yake. Taa zikibaki ziking’aa vile vile na pakawa kimya, au ukasikia “tak” moja nzito basi, umeme mkubwa haukuchukuliwa kabisa. Ama amri haikufika kwenye stata, ama ilifika na stata ikashindwa kuitekeleza. Kipimo hicho cha bure kingewaokoa watu wengi na betri ambazo hawakuzihitaji.

Betri yenyewe ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu, 12.0 ni karibu tupu. Lakini usiridhike na hapo, kwa kuwa betri yenye ufa ndani inaweza kuonyesha 12.6 na ikaanguka papo hapo ikiombwa kazi. Mtu apige stata wewe ukiitazama mita: isishuke chini ya volti 9.6. Gari likiwa linanguruma, altaneta inapaswa kuipa betri kati ya 13.8 na 14.5 hivi.

Sasa tuje kwenye nyaya nene, ambako mafundi wengi wanapita haraka. Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta kama ampea 100 hadi 200. Kwa mkondo mkubwa hivyo, ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu unatosha kuharibu kazi: ampea 150 zikipita hapo, volti 1.5 zinapotea njiani na kugeuka joto. Ukinzani mdogo hivyo mita ya kawaida haiusomi ukiiweka kwenye omu. Na ukiiweka kwenye volti huku stata haizunguki, mita haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 kamili. Ndiyo maana fundi anaapa kwamba “umeme upo.” Upo, ila hauwezi kubeba mzigo.

Njia sahihi ni kupima volti zinazopotea wakati stata inavuta. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya risasi ya betri upande wa chanya, nguzo yenyewe, si kibano kilichoikamata. Ncha nyingine iweke kwenye boliti ya stata inapoingia waya mnene. Mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, kati ya ncha zako mbili kuna mahali pabovu. Rudia upande wa hasi, kutoka kwenye nguzo ya hasi hadi kwenye chuma cha injini: hapo hata robo volti inatosha kukupa shaka. Halafu sogeza ncha hatua kwa hatua hadi umpate mkosaji. Mara nyingi ni pale kibano kinaposhikana na nguzo, ambapo jicho halioni kitu.

Kwa magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, upande wa hasi ndio ninaoushuku kwanza. Chumvi ya pwani hula shaba kimyakimya chini ya ganda la waya, na ukilipasua unakuta unga wa kijani. Mara nyingi waya wa ethi unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini huwa umekatika nusu, au uliachwa bila kufungwa siku injini iliposhushwa. Umeme hautakubali kukaa, utatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo huwa kebo ya eksileta au kebo ya gia. Piga stata mara kadhaa kisha uiguse kebo ya eksileta kwa uangalifu. Ikiwa imepata joto, umepata jibu.

Gari moja dogo la miaka ya 1990 naliona linafaa kuelezwa kwa kirefu. Lilikuwa linagoma mchana tu, tena baada ya kusimamishwa muda mfupi, kama vile kuingia dukani na kutoka. Asubuhi halikuwahi kugoma. “Tak” moja, kimya, taa ziking’aa. Betri ilikuwa mpya, nyaya nene nilizipima zikawa safi, na mbele yangu halikugoma hata mara moja. Sikushusha stata. Nilichukua balbu mbili za wati 5, za aina inayomulika namba ya gari, nikazipandisha kwenye dashibodi. Ya kwanza niliiunga na waya mwembamba unaoiamuru solenoidi, yaani ile sumaku ya umeme iliyopanda mgongoni mwa stata. Ya pili niliiunga na boliti ya upande wa mota, umeme unakotokea baada ya kuvuka solenoidi. Kila waya niliupa fyuzi yake ndogo na kuupitisha mbali na ekzosi. Nikamwambia mwenye gari: siku likigoma, usishuke, endelea kushikilia ufunguo na utazame ni balbu ipi inawaka.

Zikiwaka zote mbili na injini isizunguke, umeme umefika ndani ya mota, na lawama ni ya brashi za kaboni au ya ethi ya stata. Zisipowaka zote, amri haikufika: tafuta kwenye swichi ya ufunguo, rilei, au swichi ya gia. Ikiwaka ya kwanza peke yake, solenoidi imepokea amri ikashindwa kuvusha umeme. Baada ya siku chache mteja alinipigia simu akiwa bado kwenye kiti: ya kwanza inawaka, ya pili haina kitu. Nilipofungua solenoidi nilikuta vipande viwili vya shaba vinavyoguswa na kisahani cha shaba kila unapopiga stata. Kimoja kilikuwa kimeliwa hadi karibu kufika kwenye boliti, na kisahani kimejaa mashimo meusi. Kisahani kikigusa upande mzima, gari linawaka. Kikigusa upande ulioliwa, halizunguki. Huchakaa hivi stata nyingi za Denso zilizomo kwenye Toyota za zamani, baada ya kufanya kazi miaka mingi. Vipande hivyo huuzwa peke yake, Gerezani hata Kirinyaga Road kule Nairobi, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Stata ya mtumba unayouziwa ina shaba zile zile, na hujui zimeliwa kiasi gani.

Kwa nini mchana, na kwa nini baada ya kusimama kidogo? Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena, na joto lililokuwa ndani ya chuma linapanda chini ya boneti. Shaba ikipata joto, ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Koili ya solenoidi iliyoongezeka digrii 60 imepata ukinzani wa ziada wa karibu robo, kwa hiyo sumaku yake ni dhaifu zaidi. Ongeza swichi ya ufunguo iliyochakaa inayokula volti zake, na kifaa kilichokuwa kinaponea chupuchupu asubuhi kinashindwa mchana. Kama kosa ni la swichi na nyaya nyembamba, fundi makini huweka rilei karibu na stata, ili swichi ibaki na kazi ya kuamuru tu na solenoidi ichukue umeme moja kwa moja kwenye betri.

Kwenye otomatiki, likigoma likiwa kwenye P jaribu N. Likiwaka, swichi ya gia imechoka au imehama mahali pake. Kuhusu kugonga stata kwa mpini wa nyundo: likiwaka baada ya kugongwa, huo ni ushahidi kwamba tatizo limo ndani ya stata, basi. Si matibabu. Stata zenye sumaku za kudumu hupasuka sumaku kwa kugongwa hovyo.

Familia ya pili, injini inazunguka na haishiki. Hapa joto ndilo mshukiwa mkuu. Honda za miaka ya 1990 zina mfano maarufu: rilei kuu inayoipa pampu ya mafuta umeme imo ndani ya kabini, chini ya dashibodi. Gari likianikwa juani madirisha yakiwa yamefungwa, risasi iliyochomelewa kwenye miguu ya rilei hupanuka na ufa mwembamba kama pete unafunguka. Pampu haipati umeme. Fungua milango, kabini ipoe, gari linawaka, na fundi unayemfikia jioni haoni kosa. Dawa yake ni kuifungua rilei na kuichomelea upya kwa risasi, au kuweka mpya.

Zoea sauti ya pampu ya gari lako likiwa salama. Katika mengi husikika kwa sekunde mbili hivi ukifungua ufunguo kabla ya kupiga stata, lakini baadhi ya Toyota za zamani hazisikiki mpaka injini izunguke, na watu wamebadilisha pampu nzima kwa kutojua hilo. Cheche nayo ipimwe palepale lilipogomea, kwa plagi ya akiba iliyoegeshwa kwenye chuma cha injini, mbali na mafuta. Ikikosekana likiwa la moto na ikarudi likipoa, chunguza koili, moduli ya kuwashia na kihisio kilicho ndani ya distribyuta. Taa ya ufunguo wenye chipu ikimetameta kinyume na kawaida yake, jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kugusa chochote.

Wewe mwenye gari, weka karatasi ndani ya dashibodi. Andika saa, lilikuwa la moto au la baridi, lilisimama muda gani, mvua ilinyesha au la, mafuta yalikuwa kiasi gani, na injini ilizunguka au haikuzunguka. Mpe fundi karatasi hiyo, umwombe akuonyeshe kipimo kabla hajakutajia bei ya spea, na udai kile kilichotolewa. Nawe fundi mwenzangu, gari lisipogoma mbele yako, mwambie mteja hivyo, kisha mfungie zile balbu mbili aende nazo nyumbani.