Tende Mkobani, Meno Kinywani

Tupitapo Edgware Road, maduka hutuvuta kwa tende na halua, nasi huwatilia watoto wetu katika chakula cha shule. Tende ni Sunna, twaipenda. Lakini sukari yake hunata menoni, na vijidudu vya kinywani huigeuza kuwa tindikali ilayo jino. Basi na iliwe nyumbani, pamoja na mlo. Mkobani tutie mkate wenye kuku wa halali, jibini, tango na maji matupu badala ya sharubati. Asubuhi na usiku wasugue meno kwa dawa yenye floraidi. Matibabu ya meno ya NHS ni bure kwa walio chini ya miaka 18. Tusingoje mtoto alie usiku.