Kuutembelea Mji wa Cordoba Ukiwa Peke Yako





Vijana wengi waliopitia madrasa husafiri nchi za mbali kwa masomo na kazi. Kijana wa Kiislamu akifika Ulaya, mara nyingi hutamani kuiona Cordoba ya Hispania, mji ambao katika vitabu vya tarikh tunausoma kwa jina la Qurtuba. Makala hii inaeleza namna ya kuutembelea kwa mara ya kwanza bila ya mwenzako. Msafiri aliye peke yake hana wa kumfafanulia anachokiona. Elimu aliyokwenda nayo ndiyo mwenyeji wake.

MJI WENYEWE

Cordoba iko kusini mwa Hispania, kando ya mto Guadalquivir. Jina hilo ni Kiarabu kilichogeuka matamshi: al-wadi al-kabir, bonde au mto mkubwa. Waislamu waliuteka mji huu mwaka 711. Mwaka 756 aliutwaa Abdul-Rahman bin Muawiya, kijana wa Bani Umayya aliyekimbia Sham baada ya Bani Abbas kuipindua dola ya jamaa zake mwaka 750. Alitangatanga Afrika ya Kaskazini kwa miaka kadhaa, akiwa na mtumishi wake Badr, kabla ya kuvuka bahari. Ndiyo maana akaitwa ad-Dakhil, yaani Mwenye Kuingia. Kwa hiyo dola ya Qurtuba iliasisiwa na mkimbizi.

MAANDALIZI YA SAFARI

1. Viza. Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya nchi za Schengen. Viza ya muda mfupi huruhusu siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na mwombaji hutakiwa awe na bima ya safari ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

2. Wakati. Mwezi wa Julai na Agosti joto la Cordoba hupita nyuzi 40 mara nyingi. Miezi ya Machi, Aprili na Oktoba ni nafuu zaidi.

3. Usalama. Weka nakala za pasipoti mbali na pasipoti yenyewe. Usiweke fedha zote mfuko mmoja. Lipia malazi ya usiku wa kwanza mapema, na upange kufika mchana. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku peke yake, na hekima yake anaijua aliyewahi kutafuta nyumba gizani katika mji wa ugeni. Waachie wazee wako anwani yako. Namba ya dharura ni 112.

4. Kwa dada zetu, suala la kusafiri bila ya mahram lina maelezo ya wanachuoni. Muulize shekhe wako kabla ya kukata tikiti.

KUTEMBEA MJINI

Treni ya kasi kutoka Madrid hufika Cordoba kwa muda wa saa mbili hivi au pungufu. Kutoka stesheni hadi mji wa kale ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Njia za mji wa kale ni nyembamba na zimepindapinda ili kupata kivuli. Nyumba zina ua wa ndani wenye maua na maji, na kwa nje huoni ila ukuta mweupe. Anayeijua Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hatashangaa.

Hata lugha haitakuwa ngeni kabisa. Wahispania husema azúcar, sisi twasema sukari. Wao husema azafrán, aceituna na naranja. Sisi zafarani, zeituni na narinji. Neno lao hasta ni ndugu wa "hata" yetu, na meya wao humwita alcalde, neno lililotokana na kadhi. Maneno haya Wahispania waliyapata kwa Waarabu, nasi mengi yake tumeyapata huko huko.

Katika chakula, jifunze maneno haya kabla ya mengine yote: cerdo ni nguruwe, jamón ni paja lake lililokaushwa, tocino na manteca ni mafuta yake, na vino ni mvinyo. Supu baridi ya nyanya iitwayo salmorejo ni maarufu sana mjini humo, lakini hunyunyiziwa jamón juu yake. Uliza kwanza. Maduka mengi hufungwa mchana, kuanzia saa 8 hivi hadi jioni, basi usijiache ukashikwa na njaa. Na karibu na Msikiti Mkuu, mtu akikupa kijiti cha rosemari kama zawadi, usikipokee; atakudai fedha.

MSIKITI MKUU

Ad-Dakhil alianza kuujenga mwaka 785. Wanahistoria wa Kiislamu wenyewe wanasimulia kwamba mahali hapo palikuwa na kanisa, naye akawalipa Wakristo fidia. Watawala waliomfuata waliupanua mara tatu. Hadi leo nguzo zaidi ya 800 zimesimama, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya kale zaidi. Kwa kuwa nguzo zilikuwa fupi, mafundi waliweka tao juu ya tao ili kuinua dari. Matao hayo, mekundu kwa meupe, ndiyo utakayoyakumbuka daima. Mihrabu iliyojengwa wakati wa al-Hakam wa Pili imepambwa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu vilivyoletwa kutoka Konstantinopo.

Mwaka 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu aliuteka mji, na msikiti ukafanywa kanisa. Mwaka 1523 wakaanza kujenga kanisa refu katikati ya nguzo zile. Hata mnara wa adhana umo ndani ya kuta za mnara wa kengele unaouona leo.

Hapa ndipo moyo wa msafiri hujaribiwa. Utasimama mbele ya mihrabu, na hutaruhusiwa kuswali. Waislamu wa Hispania wamewahi kuomba ruhusa hiyo, na Kanisa likakataa. Mwaka 2010 baadhi ya watalii Waislamu walijaribu kuswali ndani. Ukatokea mvutano na walinzi, na wengine wakakamatwa. Ndugu msomaji, wewe umeingia kwa viza, na viza ni ahadi. Muislamu hutimiza ahadi. Mtaje Mola wako moyoni, waombee waliotangulia, kisha utoke. Hakuna mlinzi wa nyoyo.

SALA

Karibu na bustani za Plaza de Colón kuna msikiti mdogo unaotumiwa na Waislamu wa mji huo. Ukiswali malazini, kumbuka kwamba sisi wa pwani tumezoea kuelekea kaskazini, lakini Cordoba kibla ni mashariki, kukielekea kusini kidogo. Mihrabu ya Msikiti Mkuu isikuongoze, kwani imeelekea kusini mno. Mwishoni mwa Juni jua huzama saa 3:45 usiku hivi, na Isha huingia baada ya saa 5. Fahamu vizuri hukumu za sala ya msafiri, na usipange nyakati kwa mazoea ya nyumbani.

SOMO LA MAGOFU

Kilomita kama 8 nje ya mji kuna magofu ya Madinat az-Zahra, mji wa kifalme ulioanza kujengwa mwaka 936 na Abdul-Rahman wa Tatu. Az-Zahrawi, tabibu aliyeandika kitabu cha juzuu 30 kilichosomwa na madaktari wa Ulaya kwa karne nyingi, amenasibishwa na mji huu. Nani aliubomoa? Hawakuwa Wakristo wa Ferdinand. Uliporwa na kuharibiwa katika fitna ya Waislamu wenyewe iliyoanza mwaka 1009, zaidi ya miaka 200 kabla ya Ferdinand kufika. Ukirudi mjini, kando ya ukuta wa kale utaiona sanamu ya Ibn Rushd, kadhi na mwanafalsafa aliyezaliwa hapo mwaka 1126. Yeye naye alifukuzwa mjini mwaka 1195 kwa amri ya mtawala wake Muislamu, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa.

Basi anayekwenda Cordoba kulilia tulichonyang'anywa ameona nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni yale tuliyoyavunja kwa mikono yetu: tulipogombania ukubwa, na tulipochoma vitabu badala ya kuvijibu. Mji ule ulijengwa na watu waliosoma, ukadhoofishwa na watu waliofarakana. Hayo hayahitaji tikiti ya ndege kuyafanyia kazi. Yanaanza darasani, katika namna tunavyosoma na tunavyovumiliana tukihitilafiana.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.