KONTENA LAWEZA KUWA SHAMBA?

Wahenga walinena kuwa akili ni mali. Hapa kwetu Matete tunategemea mahindi na miwa, lakini ardhi haiongezeki. Babu aliwagawia wanawe, nao wanawagawia wao. Mimi ni wa nne kati ya wavulana watano. Je, zamu yangu ikifika nitapewa nini kama si uwanja wa kuku?

Ndipo nikaanza kuyatazama makontena, yale masanduku ya chuma yanayoshushwa Mombasa na kuishia kuwa maduka huku bara. Mtu anaweza kulima ndani yake?

Tupige hesabu. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 5.9 hivi kwa ndani na upana wa mita 2.35. Sakafu ni kama mita mraba 14. Sasa piga rafu za upana wa sentimita 60 kila upande. Njia ya katikati itazidi mita moja. Ukipanga rafu nne, moja juu ya nyingine, pande zote mbili, utapata mita mraba 28. Hiyo ni mara mbili ya sakafu nzima! Kumbe siri ni kwenda juu.

Wenzetu wa Kibera wanaijua siri hiyo. Mwaka wa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, shirika la Solidarités la Ufaransa lilieneza huko kilimo cha magunia. Mboga hupandwa juu ya gunia na kwenye matundu ya ubavuni, na mawe ya katikati hupitisha maji.

Lakini ngoja kwanza! Gunia liko juani, kontena ni giza. Mmea bila mwanga hushindwa kujitengenezea chakula. Hurefuka, hupauka, kisha hufa. Ukitoboa paa, jua letu la ikweta liko utosini: rafu ya juu itafaidi, za chini zitabaki kivulini. Taa nazo zipo, na Marekani wanalima hivyo, ila bili ya stima si mchezo.

Basi zile mita 28 tumpe nani? Tuupe uyoga, yaani obwoba. Wenyewe hutosheka na mwanga hafifu, mradi pawe na unyevu, hewa na ubaridi. Toboa matundu ya hewa, ezeka nyasi juu ya paa, kwa maana chuma kikipigwa na jua huwa tanuri. Nje, zungushia magunia ya saga, kunde na sukuma. Ndani mavuno, nje mavuno.

Na kama kontena ni ghali, usife moyo. Kaka yangu amehamia mjini na simba yake iko tupu. Hesabu ya rafu ni ile ile. Ila usilale humo, vumbi la uyoga hudhuru kifua.

Wavulana wenzangu, tusingoje urithi tu. Ardhi ikikwisha chini, tutazame juu!