Meno Meupe: Kazi ya Nyumbani ao Kazi ya Munganga?



Mara nyingi, kisha kupima mtoto, mama anafunika kinywa kwa mkono na kuuliza polepole: «Meno yangu iko manjano. Nitumie nini?» Mwenzake anajibu mbio: «Mimi natumiaka majivu na ndimu. Inasafisha muzuri!»

Ngoja kwanza, mama. Usitafute dawa mbele ya kujua rangi ile imetoka wapi. Ukiisha kujua, utaona kama ni kazi yako nyumbani ao kazi ya munganga wa meno.

JINO LIKO NAMNA GANI?

Juu ya jino kuna ganda jeupe. Ni gumu kupita mfupa. Lakini likiisha kulika, haliote tena. Chini ya ganda kuna sehemu ingine yenye rangi ya manjano.

Angalia sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeupe. Ukiisugua kila siku kwa mchanga wa Lualaba, siku za kwanza itangaa. Nyuma, weupe unatoka na chuma kinaonekana. Jino ni vile vile. Mchanga, majivu na makaa ya kusaga vinakwangua ganda. Ndimu ina asidi, nayo inalila. Leo meno yanaonekana meupe. Kisha wakati, manjano ya chini inatokea, na maji ya baridi yanauma. Mama alitafuta weupe, amepata manjano.

Maji ya Javel na asidi ya betri usitie mu kinywa hata kidogo! Vinaunguza ufizi na koo.

SASA CHUKUA KIOO, TAZAMA MENO YAKO

1. Uchafu wa juu. Unatoka kwa chai, kahawa, likasu na tumbako. Hii ni kazi ya nyumbani. Sugua meno asubuhi na mbele ya kulala, dakika 2, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Tema povu. Mtoto wa chini ya miaka 3, umuwekee dawa kadiri ya punje moja ya mchele. Acha tumbako.
Kama mtoto anakunywa dawa ya damu ya maji, yenye chuma ndani, meno yake yanaweza kuwa meusi. Usiogope, na usimukatishe dawa. Weusi ule ni wa juu tu, utaondoka.

2. Ukoga mgumu kama jiwe, karibu na ufizi. Mara nyingi ufizi unatoka damu. Mswaki hauwezi kuutosha. Usikwangue kwa kisu wala sindano. Munganga wa meno iko na chombo cha kuutosha. Hata mama mwenye mimba anaweza kufanyiwa kazi hii, haina hatari kwa mtoto.

3. Rangi iliyo ndani ya jino. Huko Arusha, Tanzania, watu wengi wana meno ya rangi ya kahawa, kwa sababu maji ya kule yana floridi nyingi sana. Rangi iliingia wakati meno yalikuwa yanajengwa. Kusugua hakutaitosha. Muonyeshe munganga.

4. Jino moja tu limekuwa jeusi. Labda liligongwa, ao limetoboka. Jino lile linaweza kuwa limekufa ndani. Kuja mbio, hata kama haliumi.

JUU YA DAWA ZA KUFANYA MENO MEUPE

Munganga wa meno anaweza kupausha jino kwa dawa ya nguvu. Lakini kwanza anatazama mashimo na ufizi, na anakinga ufizi usiungue. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2012, dawa hizi za nguvu zinauzwa kwa waganga wa meno tu, na mtu wa chini ya miaka 18 hawamupatie. Basi, ile ya soko isiyo na jina, nani anajua nguvu yake?

Ujue pia: weupe ule haudumu siku zote, na kizibo cha jino hakibadilike rangi. Kama uko na mimba ao unanyonyesha, ngojea kwanza. Meno meupe si jambo la haraka.

LINDA MENO YA MTOTO WAKO

Dawa ya tetrasikilini, ambayo watu wananunua bila karatasi ya munganga, inaingia mu meno ya mtoto wakati yanajengwa. Yanatoka manjano ao kijivu, na rangi ile inabaki. Basi mama mwenye mimba asimeze tetrasikilini kwa kujitibu, na asimupe mtoto wa chini ya miaka 8. Uliza kwanza. Kuuliza hakulipwe, lakini meno ya mtoto hayanunuliwe.

KUMBUKA, MAMA

- Uchafu wa juu: mswaki, nyumbani.
- Ukoga wa jiwe, rangi ya ndani, jino moja jeusi: kwa munganga.
- Majivu, mchanga, makaa, ndimu, Javel: hapana.

Meno mazuri si yale ya kushinda karatasi kwa weupe. Ni meno mazima, yasiyouma, mu ufizi usiotoka damu. Ukiwa nayo, cheka bila kufunika kinywa.