Shilingi 500 za mwanao na nauli ya mwalimu

Mtoto akifika darasa la tatu hajui kusoma, wa kwanza kulaumiwa ni mwalimu. Wazazi wachache huuliza mwalimu huyo alikaa lini mara ya mwisho na wenzake kujifunza mbinu za kufundisha.

Mahali pa kujifunzia papo: kituo cha walimu, mara nyingi chumba au jengo ndani ya uwanja wa shule mojawapo ya jirani. Vingi vilijengwa miaka ya 1990 kwa fedha za wafadhili, na wafadhili walipoondoka baadhi viligeuka stoo. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ndio unaovirudishia uhai, ukisaidiwa na programu ya BOOST iliyopata mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia.

Chumba kikipatikana, inabaki nauli. Mwaka 2002, MMEM ilipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, wakati huo karibu dola 10. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiasi kilikuwa kile kile, ingawa sasa hakikufika dola 5. Humo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaingia shuleni. Hizo ni 500 kwa mwezi. Shule ya watoto 400 ilipata 200,000, na hapo chaki, karatasi za mitihani na bati linalovuja vyote vinasubiri.

Mwalimu wa Nyamagana hupanda daladala, jioni yuko kwake. Wa Ukara huvuka maji hadi Bugolora, kisha hutafuta usafiri wa kumfikisha Nansio, na ziwa likichafuka analala huko huko. Ruzuku huhesabu vichwa vya watoto, haihesabu maji. Si haki kwa mtoto wa mvuvi, ambaye shule yake mara nyingi ni ndogo na fungu lake ni dogo zaidi.

Mzazi ana pa kuulizia. Kamati ya Shule ina wazazi ndani yake, na mapato na matumizi hutakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kikao kijacho, baada ya habari za uji na madawati, ulizeni: walimu wetu walikwenda kituoni lini, wangapi, na nauli ilitoka wapi? Kama ilitoka mfukoni mwa mwalimu, iandikwe kwenye muhtasari ili Afisa Elimu Kata aione.