Je, Wajua? Mkwaruzo wa Kaboni Mara Nyingi Haujaigusa Kaboni

Je, wajua kwamba mikwaruzo mingi inayoonekana kwenye mapambo ya gari yaliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni haijazifikia nyuzi zenyewe? Nyuzi hizo, ambazo unene wake ni mikroni 5 hadi 10 tu, yaani nyembamba kuliko unywele, hufumwa kuwa kitambaa, kisha hushikamanishwa kwa epoksi, ambayo ni gundi ya kemikali inayoganda na kuwa ngumu, na mara nyingi juu yake hupakwa vanishi angavu. Mkwaruzo ulioishia katika vanishi husuguliwa taratibu kwa msasa wa maji ulio laini, kwa mfano namba 2000, kisha hung'arishwa kwa polishi. Ulioingia ndani kidogo hujazwa tone la epoksi angavu, ambalo huachwa ligande kabisa kabla ya kusawazishwa. Maji ya msasa yakianza kuwa meusi, fundi hana budi kusimama mara moja, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba nyuzi zimeanza kulika, na vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu, ndiyo maana barakoa na glavu huvaliwa tangu mwanzo. Nyuzi zilizokatika hazirudishiwi nguvu kwa tone la epoksi. Kasoro hufichwa tu, jambo linalotosha kwa pambo la dashibodi lakini halifai kamwe kwa sehemu inayobeba uzito. Aidha, baadhi ya mapambo yauzwayo kwa jina la kaboni, wakati mwingine kwa bei ya kaboni, ni plastiki iliyochapwa mchoro wa kitambaa hicho, na msasa huufuta mchoro huo pasipo njia ya kuurudisha.